Kanisa linataka kukata mukumu wa chemchemi. Nikiutetea, nimeabudu mti?

"Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Vihiga, na niko kwa kamati ya maendeleo ya kanisa letu. Mwaka jana tulinunua nusu ekari ya kujenga kanisa jipya, na huko chini kabisa kwa ploti kuna mukumu mkubwa sana, chini yake chemchemi yenye kijiji kizima kinateka maji. Zamani wazee walikuwa wanachinja hapo kuomba mvua na kuapisha watu, siku hizi hakuna anafanya hivyo, ni watoto tu wanacheza. Sasa pasta anasema ule mti ni madhabahu ya mizimu, ati Kumbukumbu la Torati 12 inatuamuru tuukate kabla hatujaweka msingi, pesa ya mbao na kuni inunue simiti, alafu hapo tupande blugamu tuuze milingoti ya stima. Mama mkwe naye, na ameokoka miaka mingi, anasema atakayeugusa atazikwa kabla mwaka uishe. Kijana wangu wa kidato cha tatu ndiye amenimaliza, ati wameambiwa shuleni Wakristo ndio waliharibu mazingira. Fundi wa pawa soo ameshaitwa kupima. Tunapiga kura Jumapili ya tatu kutoka sasa. Roho yangu inakataa lakini naogopa kuitwa mpagani. Kwani mti unaweza kuwa mtakatifu? Nikiutetea nimetenda dhambi?"

Bwana asifiwe sana dada. Swali lako nimelisoma usiku nikarudia asubuhi, na kitu cha kwanza nimeona ni hiki: pasta na mama mkwe wanaonekana kama wanavutana lakini wote wawili wanaamini jambo moja, kwamba ule mti uko na nguvu. Mmoja anataka uanguke kwa sababu ya hiyo nguvu, mwingine anataka uachwe kwa sababu ya hiyo hiyo. Wewe ndiye peke yako hujasema mti una nguvu yoyote, umesema tu roho inakataa. Sasa kati ya nyinyi watatu, nani yuko mbali zaidi na upagani? Hujatenda dhambi. Hilo tuliweke kando ulale, alafu tuongee polepole, kwa sababu kwa kamati hutaulizwa roho yako inasema nini, utaulizwa Biblia inasema nini.

Nijitambulishe kidogo ujue unaongea na nani. Nimefundisha Agano la Kale miaka mingi, kabla ya hapo nilikuwa mchungaji wa kijijini upande wa Kisumu, na nyumbani niko na nasari ya miche yenye inanilipia chai na sukari. Kwa hivyo naelewa pasta wako kuliko unavyodhani. Hata nimewahi kuwa yeye, hiyo nitakueleza.

Tuanze na Kumbukumbu 12 kwa sababu hapo ndipo atasimama, na hajakosea kusimama hapo. Mstari wa 2 na wa 3 unaamuru kweli, waharibu mahali pote mataifa walipotumikia miungu yao, kwa milima, kwa vilima, na chini ya kila mti wenye majani mabichi. Lakini shika kalamu uorodheshe vitu vyenye vinatajwa kwa jina kubomolewa: madhabahu, nguzo, maashera (vitu vya kumwabudia mungu mke Ashera), sanamu za kuchonga. Mti wenye majani umetajwa kama mahali, kama vile kilima kimetajwa kama mahali, na sijawahi kusikia mtu akisema Waisraeli waliambiwa wachimbe kilima chote wakimwage baharini. Sasa hapo pasta akiwa msomi atakuuliza, na Ashera je? Gideoni aliikata usiku akaifanya kuni, Waamuzi 6. Ni kweli. Wasomi bado wanabishana kama Ashera ilikuwa nguzo ya mbao ama mti wenyewe uliopandwa, na Kumbukumbu 16:21 inakataza kupanda mti wa namna hiyo kando ya madhabahu ya Bwana, kwa hivyo sitakudanganya kwamba hakuna mti ulikatwa. Ulikatwa. Lakini angalia ni mti upi, ni kitu kilichosimamishwa hapo kiwe mungu mke, kinaabudiwa wakati huo huo, watu wa mji wakiamka asubuhi wanataka kumuua Gideoni kwa ajili yake. Mukumu wenu nani ataamka asubuhi kuulilia kama mungu? Watakaolia ni wamama wenye mitungi.

Hoja yenye nguvu kabisa upande wa pasta, na kama hajaifikiria mpe mwenyewe ndio muongee kwa haki, iko 2 Wafalme 18:4. Hezekia alivunja nyoka wa shaba wa Musa. Huyo nyoka hakuwa wa wapagani, Mungu mwenyewe ndiye aliagiza atengenezwe, lakini watu walipoanza kumfukizia uvumba Hezekia akamvunja vipande. Funzo ni kwamba hata kitu kizuri kikigeuka sanamu kinaweza kuvunjwa. Sawa. Lakini Hezekia alivunja kitu chenye kilikuwa kinafukiziwa uvumba hadi siku ile, na nyoka wa shaba alikuwa hana kazi nyingine duniani, hakuwa ananywesha mtu, hakuwa ameshikilia udongo wa mtu. Kwa hivyo swali la kupeleka kwa kamati si zamani hapa palifanyika nini, ni leo nani anaweka nini chini ya huu mti. Kama jibu ni watoto wanacheza, basi hiyo madhabahu ilikufa yenyewe na hakuna mtu alitumia pawa soo.

Sasa kuja kwa Paulo, maana hapa ndipo kesi yenu iliamuliwa karibu miaka elfu mbili iliyopita na watu wengi hawajui. Korintho kulikuwa na nyama ya sokoni yenye labda ilichinjwa hekaluni kwa sanamu. Waumini wakauliza, tununue ama tuache? Swali ni lile lile lenu, kitu cha kawaida kimepitia mikono ya ibada nyingine, je kimeharibika? Paulo akawaambia kuleni kila kiuzwacho sokoni bila kuuliza uliza, alafu akatoa sababu, 1 Wakorintho 10:26, "Maana dunia ni mali ya Bwana na vyote viijazavyo." Anakariri Zaburi 24. Mstari wenye tunauimba siku ya kubariki mbegu, yeye ameuchukua akautumia kwa kitu kilichotolewa kwa sanamu! Yaani mzee akichinja mbuzi chini ya mukumu, yule mbuzi hakuwahi kuwa mali ya mizimu hata dakika moja, na mukumu pia. Walitumia mali ya Bwana bila ruhusa, basi. Mwizi akiegesha ng'ombe wako kwake miaka kumi, ukimpata hautamchoma ng'ombe kwa sababu alilala zizi la mwizi.

Na nikuambie kitu chenye hufurahisha darasa kila mara. Ule mti wenye Zakayo alipanda Yeriko, Biblia yetu ya Kiswahili inauita mkuyu, na imepatia kabisa, ni mkuyu huu huu wenye Wajaluo wanauita ng'owo, uko hapa kandokando ya mito yetu. Mukumu wenu ni wa ukoo huo huo, ni kama mtoto wa mjomba. Nabii Amosi naye akiulizwa kazi yake alisema yeye ni mchungaji na mtunza mikuyu. Abrahamu alipanda mti Beer-sheba akaliitia hapo jina la Bwana, Mwanzo 21:33, na alikaa miaka chini ya mialoni ya Mamre, huko ndiko wageni watatu walimpata akapumzika mlangoni jua likiwa kali. Mti haujawahi kuwa adui wa hii imani. Hosea 4:13 akiwakemea watu kwa kuchinja chini ya mialoni anasema walipenda hapo kwa vile uvuli wake ni mzuri, na mimi husoma hapo nikicheka kidogo, maana ni kweli, uvuli ni mzuri, ndiyo maana hata nyinyi mkifanya krusedi mnatafuta mti.

Basi mti unaweza kuwa mtakatifu? Hapa neno linatusumbua. Kwetu mtu akisikia kitakatifu anafikiria kitu chenye kina nguvu ndani, ukikigusa kinakurudi. Neno la Kiebrania kadoshi kwa msingi ni kutengwa, kuwekwa kando kwa ajili ya mwenyewe. Vile sahani za mama zenye hazitolewi hadi mgeni aje. Sahani haina jini ndani, lakini ukiitumia kuchota mboji ya ng'ombe utajua haujui. Mukristo hasemi Mungu amekaa ndani ya mti kama mtu ndani ya nyumba, hapo tunaachana na wazee wetu na tuachane bila kuona haya. Lakini pia hasemi mti ni kuni zenye bado hazijakatwa. Kati ya mungu na kuni kuna nafasi ya tatu na ndiyo hiyo makanisa yetu mengi yameiruka: kiumbe. Kitu chenye Mungu aliumba, akakiangalia akasema ni chema kabla mimi na wewe hatujakuwepo tukatoa maoni. Zaburi 104 inataja miti ya Bwana na ndege wanaotengeneza viota huko, hakuna mtu ndani ya huo mstari ananufaika, Mungu anafurahia tu vitu vyake.

Kijana wako sasa. Usimnyamazishe, ameleta kitu cha kweli nusu. Hiyo hoja ilipata umaarufu 1967, mwanahistoria wa Marekani anaitwa Lynn White aliandika kwamba Ukristo wa Magharibi ulifundisha watu kwamba vitu vyote viliumbwa kwa ajili ya binadamu, ukatoa roho kwa miti na mito, na ukishatoa roho unaweza kuchimba na kukata bila kuogopa. Wengi husahau kwamba huyo huyo White mwishoni alipendekeza Mtakatifu Fransisko wa Assisi awe msimamizi wa wanaotunza mazingira, na Papa Yohane Paulo II akafanya hivyo kweli 1979. Mwambie kijana asome hadi mwisho.

Lakini White hakutuonea sana. Neno "kuitiisha" la Mwanzo 1:28 kwa Kiebrania ni kali, linatumika hata kwa kuteka nchi, na wakoloni walilipenda. "Mkatawale" pia ni neno la mfalme. Shida ni kwamba tulisoma hapo tukafunga kitabu. Ezekieli 34:4 inatumia neno hilo hilo la kutawala kuwagombeza wachungaji wenye waliwatawala kondoo kwa nguvu na ukali, kumaanisha kuna kutawala kwenye Mungu anachukia. Na ukifungua ukurasa mmoja mbele, Mwanzo 2:15, mtu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Hayo maneno mawili yakikutana tena Hesabu 3 ni kazi ya Walawi hemani, kutumika na kulinda. Yaani Adamu shambani amepewa kazi ya kuhani. Ningekuwa pasta wako ningehubiri hiyo Jumapili nzima.

Na historia yenyewe imeenda pande zote mbili. Bonifasi alipofika Ujerumani miaka ya 720 aliukata mwaloni wa mungu wa radi pale Geismar, akajenga kanisa dogo na mbao zake, pasta akiijua hiyo ataitaja. Lakini mwaka 601 Papa Gregori alikuwa ameshaandikia wamisionari wa Uingereza kwamba mahekalu ya wapagani wasiyabomoe, watoe sanamu tu, wanyunyize maji, waweke madhabahu ya Bwana hapo hapo. Ethiopia kanisa la Orthodox lilienda mbali zaidi, ukipita Gondar na kandokando ya Ziwa Tana unaona nchi imelimwa kavu alafu katikati kijisitu cha mviringo, na ndani ya kijisitu kuna kanisa. Yako maelfu. Kwa sehemu kubwa ya huko msitu wa asili uliobaki ni huo wa kanisani, umebaki kwa sababu waumini waliona miti ni kama nguo ya kanisa. Hao ni Wakristo kutuzidi kwa zaidi ya miaka elfu moja mia tano. Kwetu hapa wamisionari wa kanisa la Marafiki, hao Quaker, walifika Kaimosi 1902, na mapema tu wakaweka mtambo wa kupasua mbao. Siwalaumu, nyumba za kwanza za shule zilitoka wapi? Lakini mtoto akikua akiona kanisa na mtambo wa mbao kwa boma moja anajifunza kitu hata bila mtu kumfundisha.

Hapa sasa nitakaa kidogo, maana ndiyo roho ya jibu langu. Kule Tiriki kuna visitu vya jandoni vyenye bado vimesimama. Murembe, huo mti wa maua mekundu, hadi leo ukimwambia mtu wa Kakamega mwenye amesema uongo twende ukaape kwa murembe, anatafuta njia ya kuomba msamaha. Watu wa mjini wanacheka. Lakini fikiria hiyo hofu ilikuwa inafanya kazi gani. Hakukuwa na afisa wa misitu, hakukuwa na korti, hakukuwa na bango. Kilichozuia mtu kukata mti juu ya maji ya kijiji ni kwamba bibi yake alimwambia atakufa. Ilikuwa ni uzio wenye umejengwa kwa maneno. Sisi tukaja na Injili, tukawaambia msiogope, na tulikuwa tunasema ukweli, mti hauui mtu. Tukaondoa uzio. Alafu hatukuweka kitu hapo. Hatukusema, msiogope mti, mpendeni mwenye mti kwa hivyo msiuguse ovyo. Tulisema tu msiogope, tukageuka tukaenda, na nyuma yetu shoka likaingia. Profesa Wangari Maathai alisimulia kitu kama hicho mara nyingi, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo karibu na kwao Nyeri, ati ni mti wa Mungu, na hapo karibu kulikuwa na kijito alikuwa anachezea mayai ya vyura. Alirudi kutoka masomoni akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Alikuwa Mkatoliki, amesomeshwa na masista, na hakuwahi kuhubiri tuabudu mugumo.

Nilikuambia nimewahi kuwa pasta wako. Kanisa langu la kwanza, mimi kijana nimetoka chuo na moto mwingi, kulikuwa na mti kama huo juu ya maji. Niliombea shoka. Usicheke, niliweka mkono kwa mpini nikaomba. Ule mti ukikatwa unatoa maziwa, meupe kabisa, yanashuka kwa gome polepole yakishika vumbi, na wanaume wakasimama kwanza wakiangalia, hakuna anataka kupiga la pili. Nikachukua shoka mimi mwenyewe. Asubuhi yake hondohondo wawili walikuja, hao ndege wa mdomo mkubwa, wakazunguka juu ya mahali mti ulikuwa, wakalia, wakazunguka, wakaenda kukaa kwa paa la kanisa. Mbao haikuuzika, mti wa ukoo wa mkuyu ni laini, unaoza haraka na wadudu wanaupenda, tulipata kuni za sherehe mbili. Ndani ya miaka michache ng'ombe walikuwa wanashuka hadi kwa jicho la maji kwa sababu hakuna kitu cha kuwazuia, mtu akapanda blugamu juu yake, na wakati wa kiangazi wamama wakaanza kuteka kwa kikombe. Sitasema ni mti tu ulileta hayo yote, yalikuja pamoja. Lakini mwenye aliyaanza namjua.

Kwa maji nikueleze vizuri ili usiseme kitu kwa kamati mtu akakukosoa. Usiseme mti unazaa maji. Hauzai. Mvua inaingia ardhini huko juu ya mlima, inashuka ndani ya udongo pole pole, ikikutana na mwamba ama udongo mgumu inakosa pa kwenda inatokea kando, hiyo ndiyo chemchemi. Kazi ya mti mkubwa ni kufanya mvua iingie badala ya kukimbia juu: majani yanavunja matone, takataka za majani zinashika maji kama sifongo, mizizi inafungua njia, na hapo kwa jicho lenyewe mizizi inashikilia udongo usiporomoke ukaziba. Mukumu pia unakunywa, kila mti unakunywa. Tofauti na blugamu ni kwamba hiyo inakua mbio sana na mtu anaipanda nyingi zikikaribiana, kwa hivyo zinavuta maji mengi kwa muda mfupi, ndiyo maana 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza zing'olewe kwa maeneo ya maji. Hiyo mipango ya milingoti ya stima hapo chini iangalieni mara mbili, si kwa sababu ya roho, kwa sababu ya sheria. Kanuni za maji zinalinda ukingo wa mto kuanzia mita 6 hadi 30, na chemchemi ya kijiji pia si mahali pa mtu kujiamulia. Inawezekana huko chini kwa ploti hamruhusiwi hata kujenga choo.

Tukija kwa njia zenu, naziona hivi. Kukata mnaweza, si dhambi ya moja kwa moja, na kama mti umeoza ndani na tawi linaning'inia mahali watoto wa Sunday school watakaa, hiyo ni sababu nzuri kuliko zote za pasta na mimi mwenyewe ningesema tawi litoke. Lakini kukata kwa hofu ya mizimu ni kutangaza mbele ya kijiji kwamba mizimu iko na mali kwa ploti ya Bwana. Kuacha tu bila kusema kitu pia sipendi, kwa sababu hiyo hofu itaendelea kukaa chini ya mti, na mwaka kesho mtu akianguka bodaboda watasema ni kwa vile kanisa lilisumbua mahali pa wazee. Njia yenye ningeshikilia ni ile ya Gregori. Siku ya kuweka msingi kanisa lishuke hadi chemchemi na nyimbo, pasta asimame chini ya mukumu asome Zaburi 24 kwa sauti, aseme wazi mbele ya wazee kwamba hapa hakuna sadaka itachinjwa tena na hakuna mtu ataapishwa, mti huu na maji haya ni ya Bwana, na kanisa ndilo mlinzi. Alafu muweke uzio wa kweli, wa miti hai, ng'ombe watengenezewe mahali pa kunywa huko chini zaidi, na paipu iwekwe vizuri. Blugamu mtafute shamba lingine. Hivyo pasta anapata kuvunja madhabahu, na kwa kweli atakuwa ameivunja kuliko pawa soo ingeweza, na wamama wanabaki na maji.

Dhamiri ya walio dhaifu usiisahau, Paulo mwenyewe haisahau. Kama kuna mtu kwa kanisa aliyetoka kwa hiyo ibada ya zamani juzi juzi na kuuona mti kunamrudisha nyuma kweli kweli, aongee, asikilizwe, pengine yeye ndiye apewe kazi ya kuongoza maombi ya siku hiyo.

Mama mkwe usimbishie. Mtu wa umri wake akisema atakayeugusa atazikwa anakupa kile kitu alichopewa, uzio wa maneno. Kaa naye jioni mkichambua mboga umwambie, mama, nimekubali usikatwe, sasa niambie nani alikuwa anauangalia zamani na watu walikuwa wanakatazwa nini hapo. Utashangaa, nusu ya hizo sheria zitakuwa mambo ya usafi wa maji: usifue hapo, usiogeshe mtoto hapo, usilete ng'ombe. Hizo ziandike uzipeleke kwa kamati. Lakini akianza kusema kuna mtu anamtaja kwa jina kwamba atakufa, ama vijana wakianza kutishiana, hapo usicheze, mpigie chifu mapema na mwangalizi wa kanisa lenu aliye juu ya pasta ajue.

Kabla ya kura kuna watu wa kuona kwa macho, mimi siwezi nikiwa huku kwa kiti. Enda ofisi ya Kenya Forest Service ya kaunti uulize utaratibu wa kukata mti mkubwa na uombe afisa aje auangalie kama ni mzima. Uliza watu wa rasilimali za maji kuhusu mipaka ya chemchemi. Na hati ya shamba mwonyeshe mpima ardhi, maana kwa vijiji vingi njia ya maji na chemchemi yenyewe ni ya umma hata kama muuzaji aliwaonyesha kigingi huko ng'ambo. Ikiwa hivyo, mnapigia kura mti wenye si wenu.

Pasta mwendee peke yake kabla ya kikao, usimvamie mbele ya watu. Mpelekee 1 Wakorintho 10 na 2 Wafalme 18 zote mbili, ya kwako na ya kwake, umwambie hujui umsaidie vipi kuzipatanisha. Akiwa mtu wa Mungu atakaa chini asome. Mimi nilikosa mtu wa kuniletea.

Na huyo fundi wa pawa soo mpigieni simu wiki hii mumwambie asubiri, asije akawa ameshanunua mafuta.